Gari la Rimoti Lililovaa Nyuki

Ilianza siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, nikiwa darasa la tano. Shangazi alikuwa ameshuka kwenye treni asubuhi ile akitokea Dar. Alikula, akalala kidogo, akaamka, akafungua begi lake na kumpa mdogo wangu boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na gari. Si gari la makopo kama yale tuliyojitengenezea na kuyakokota kwa kamba. Hili lilikuwa na matairi manene ya mpira yenye meno, springi kila kona, na rimoti yenye antena ndefu ya kuvuta. Shangazi akaliweka sakafuni, akabonyeza kitu, na matairi yote manne yakazunguka bila mtu kuyagusa. Mdogo wangu alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Mimi nilikuwa tayari niko nyuma ya mlango huo, kwa sababu hata shangazi nilikuwa namwonea haya.

Nimeyakumbuka yote haya juzi tu. Nimefika likizo kutoka bwenini, nikazunguka nyuma ya nyumba yetu pale Mwamkulu, nikakuta wanalipasua lile jabali kuwa kokoto. Mama mmoja ameketi chini ya turubai anagonga nyundo, tena bila hasira, kama mtu anayepepeta mchele. Nilisimama pale kama mjinga. Nilitaka kumwambia kitu nikashindwa, unanijua mimi si mtu wa kuongea. Lakini kuandika naweza, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Jabali lile lilikuwa refu kupita paa letu. Mgongo wake ulikuwa mweusi, una mikunjo na nyufa kama kisigino cha mkulima, na mijusi ya kichwa chekundu ilikuwa inapiga pushapu juu yake mchana kutwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa anaanika matobolwa chini pale penye ulalo, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na harufu yake ilikuwa inafika hadi barabarani. Jua likizama, jiwe lilibaki na joto. Tulikuwa tunaegemeza migongo tukisubiri mama arudi kutoka sokoni mjini, ambako alikuwa anauza migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Siku hizo migebuka ya mama ndiyo iliyokuwa inatulisha, kwa sababu baba alikuwa hafanyi kazi.

Hapa inabidi nikueleze habari za baba, ama sivyo hutaelewa.

Baba alikuwa dereva wa lori. Siku moja, akipanda milima ya njia ya Karema na mzigo wa mahindi, propela ya lori ilichomoka. Propela ni ule mhimili mrefu wa chuma unaolala chini ya gari na kupeleka nguvu za injini kwenye matairi ya nyuma. Ilichomoka ikiwa bado inazunguka, ikachapa huku na huku, ikakata bomba la breki. Lori likarudi nyuma, nyuma, mpaka lilipokita kwenye ukingo wa udongo. Utingo wake alirushwa chini, akavunjika mkono, akarudishwa kwao Sibwesa. Tajiri mwenye lori alisema mbele za watu kwamba dereva hakukaza boliti. Na baba, ambaye alikuwa anazikaza kila asubuhi kabla hajanywa hata chai, alimrudishia funguo. Alirudi nyumbani, akaviringisha spana zake kwenye gunia, akazisukuma uvunguni mwa kitanda. Tangu hapo akawa anakaa kwenye kigoda chake uani, ameangalia jabali. Hakuwa mkali. Tungefurahi angekuwa mkali.

Jirani yetu alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake akitokea huko Shinyanga. Alikuwa ameuza ng'ombe akanunua lori kuukuu la kusombea mpunga wake kutoka Kasekese, kisha akakosa dereva wa kumwamini. Kila jioni alikuwa anakuja na redio yake begani. Anasalimia kwa Kisukuma, na bibi anamjibu makusudi kwa Kikonongo, lugha yetu, maana walikuwa watani.

"Bibi, nyie Wakonongo mna nyuki wengi kuliko watoto."

"Na nyie mna ng'ombe wengi kuliko akili. Yule mwenye pembe moja kala mihogo yangu tena."

Wanacheka, jirani anapewa matobolwa na karanga, halafu anamgeukia baba na sauti yake inabadilika. "Ndugu yangu, mpunga unaliwa na panya kule. Nipe jibu."

"Tafuta mwingine," baba anasema.

"Mwingine nampata wapi? Kuku wameshaanza kutaga kwenye kiti cha dereva."

Jioni ya ile Jumamosi ya boksi alikuja bila utani. Alisema amepata mtu wa Sumbawanga wa kulinunua lile lori, atafika Jumapili ya wiki ile iliyokuwa inakuja. Kama baba hana neno hadi siku hiyo, basi. Baba akatikisa kichwa tu. Bibi aliacha kutafuna. Nami, ingawa nilikuwa mtoto, nilielewa kwamba lori lile likienda Sumbawanga, baba atabaki kwenye kigoda kile mpaka azeeke.

Turudi kwenye gari dogo. Betri alizokuja nazo shangazi ziliisha siku ileile. Jirani akachomoa za redio yake akatupa, na zile za zamani tukazianika juu ya jabali pamoja na matobolwa ili zipate nguvu kidogo. Kesho yake mdogo wangu akaliweka gari mguuni mwa jabali, akavuta antena, akaomba watoto wote wakae kimya, kana kwamba kelele zingelichanganya.

Likapanda.

Siwezi kukueleza vizuri. Tulikuwa tumezoea kwamba gari ni kitu cha barabarani, na kwamba kinachopanda jiwe ni mbuzi, mjusi au mtu. Lile lilishika kwa tairi la mbele, likafikiri, likavuta la nyuma. Likainama upande mpaka mtoto mmoja akafumba macho. Mwili ulilala huku matairi yanafuata kila shimo la jiwe, moja juu, moja chini, kama mkono wa kipofu unaopapasa uso. Mikono ilinisisimka. Hakuna aliyekuwa amelishika! Mdogo wangu alikuwa amesimama kule kwenye migomba, na gari liko huku linahangaika lenyewe.

Halafu kikasikika kitu, "tik," na matairi ya nyuma yakasimama. Likateleza, likabingirika hadi kwenye nyasi.

Mimi ndiye niliyekiona kilichodondoka. Kilikuwa kimhimili chembamba, kirefu kama kidole changu cha kati. Kilikuwa na vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine na kutelezea humo, na kila ncha ilikuwa na kipini kidogo sana cha kuishikisha kwenye gari. Niliduwaa. Ilikuwa propela. Gari la kuchezea la Dar, nalo lilikuwa na propela, nayo ilikuwa inachomoka kwenye mlima.

Nikairudishia. Likapanda kidogo, "tik." Nikarudishia tena, "tik." Watoto wakaanza.

"Gari la Dar limechoka!"

"Lipakieni kwenye treni lirudi kwao!"

"Mwacheni fundi!" mmoja akasema akininyooshea kidole, wakaangua kicheko, na mimi uso ukawaka moto. Lakini sikuliacha. Wiki ile yote, nikitoka shule na kumaliza kuchota maji, nilikuwa nakaa nyuma ya jiko na propela ile kiganjani. Niliifunga kwa uzi wa gunia. Nikaifunga kwa mpira wa tyubu. Nikaipaka ulimbo. Niliifunga kutoka ncha hadi ncha, imara, nikahakikisha hakuna kinachocheza hata kidogo. Na kila nilipoifunga vizuri zaidi, ndivyo ilivyochomoka haraka zaidi. Tairi likitumbukia tu kwenye ufa, kipini kinaruka.

Siku moja nilijikaza nikaenda nayo kwa baba. Nilisimama pembeni ya kigoda, nikafungua kiganja. Alipoona nilichoshika, alikitazama kama mtu anavyomtazama nyoka.

"Hicho usiniletee mimi," akasema taratibu, akageuza uso.

Jumapili ikafika. Bibi alikuwa anachemsha nta. Ulikuwa msimu wa asali, ndugu zake walikuwa wamemletea masega kutoka mizingani porini, na uani kulinuka moshi, asali na kitu kingine kizito ambacho hadi leo nikikinusa nahisi niko nyumbani. Nikamwomba nta ya kushikizia kipini.

"Chukua pale kwenye beseni," akasema bila kugeuka.

Mabeseni yalikuwa mawili. Moja lilikuwa na nta iliyochemshwa na kuchujwa kwa gunia, ngumu, ya njano safi. Jingine lilikuwa na masega yaliyokamuliwa tu, bado laini. Mtoto wa kwetu, mjukuu wa warina asali, angepaswa kujua tofauti hata akiwa usingizini. Mimi nilichukua laini kwa sababu ilikuwa rahisi kushindilia. Nikaijaza kwenye vipini, nikaijaza pale katikati ambapo vipande viwili vinaingiliana, nikapaka na chini ya gari kwa bahati njema.

Ilishika. Gari lilipita pale lilipokuwa linaangukia siku zote, na watoto wakaacha kucheka. Jirani, aliyekuwa amekuja kusikia jibu la mwisho, akashusha redio begani atazame. Ndipo nyuki mmoja akapita. Tukamwona akitua juu ya bodi ya gari. Wakaja wawili, wakaja wengine. Bibi akainua kichwa kutoka kwenye chungu.

"We mtoto! Umechukua beseni lipi?"

Hewa ilikuwa imeshaanza kuvuma. Walikuja kama maji yanayomwagwa. Watoto walitawanyika wakipiga yowe, shangazi akajifunika kanga kichwani, na jirani, mzee mzima mwenye zizi lake, aliingia jikoni kwa magoti.

"Nimewaambia mna nyuki wengi!" alikuwa anapiga kelele kutoka humo.

"Ingia ndani zaidi, Msukuma! Hawa hawaogopi fimbo yako!" bibi akamjibu.

Mimi na mdogo wangu tulijibanza dirishani. Na yeye, sijui kwa woga au kwa nini, kidole chake kilikuwa bado kimeng'ang'ania rimoti.

Rafiki yangu, gari lilikuwa bado linapanda. Haikuonekana tena rangi yake nyekundu. Lilikuwa limevaa nyuki kutoka mbele hadi nyuma, limekuwa la kahawia, lina manyoya yanayotembea, linang'aa mabawa juani, na ule mvumo wao umemeza sauti ya mota. Mnyama gani yule? Alikuwa anapanda jabali letu polepole, anapapasa, anashika, anajivuta, na kila akiyumba, nyuki wanainuka kidogo kama nguo inayopeperuka halafu wanatulia tena. Uani sikuona mtu. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na sidhani kama nitakiona tena. Nilisahau kuogopa.

Karibu na kilele jua likaiyeyusha nta. Sikusikia "tik," lakini niliona. Matairi ya nyuma yalisimama, gari likarudi nyuma, likajikita kwenye ufa, tairi moja la mbele likiendelea kuzunguka bure hewani. Mdogo wangu akaanza kulia.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba baba hakuwa amekimbia. Alikuwa bado yuko kwenye kigoda chake. Alikuwa anaangalia, si jabali kama siku zote, alikuwa anaangalia gari. Akainuka. Akaokota kinyesi kikavu cha ng'ombe, kile cha yule mwenye pembe moja, akakiwasha kwenye moto wa bibi, akakipuliza mpaka moshi ukawa mzito. Kisha akapanda. Alipanda bila haraka, anatanguliza moshi, na nyuki wakampisha kama watu wanavyompisha mgonjwa mlangoni. Akalichukua gari, akalipuliza, akashuka nalo kiganjani. Sikio lake moja lilikuwa limeanza kuvimba. Hakuligusa.

Akaketi, akaligeuza juu chini. Akafuta nta kwa kidole, akaichunguza.

"Nani kashindilia hapa katikati?"

Ningeweza kukaa kimya. Nilikuwa hodari sana wa kukaa kimya. "Mimi," nikasema kutoka nyuma ya mlango.

"Njoo." Nikaenda. "Kwa nini hapa?"

"Ili isichomoke, baba."

Akalibonyeza tairi la nyuma juu, akaliachia chini. Juu, chini. "Angalia. Tairi likishuka shimoni, propela inatakiwa irefuke. Likipanda, ifupike. Ndiyo maana wameifanya vipande viwili, kimoja kitelezee ndani ya kingine. Wewe umekiziba. Sasa urefu itaupata wapi? Inachomoa kipini."

Alikuwa hajaniambia maneno mengi kiasi kile tangu Karema. Akaendelea kubonyeza, juu, chini. Halafu mkono ukasimama.

"Ile ya lori ilikuwa imeganda hapahapa," akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Kutu na vumbi. Wala sikupaangalia. Kila siku nakaza boliti, nakaza boliti, na yenyewe haitelezi. Ingezikata tu. Hata ningezikaza vipi, ingezikata."

Bibi alikuwa amesimama na mwiko unadondosha nta chini. Jirani akatoa kichwa jikoni. "Wameondoka?"

"Nyamaza wewe," bibi akasema kwa sauti ya chini.

Baba akavuta pumzi, na niliona mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetua gunia. "Nendeni mkaniletee spana zangu," akasema. "Na plaizi."

Tuligombania kuingia uvunguni.

Alisafisha nta yote kwa mafuta ya taa mpaka vipande viwili vikatelezeana bila kukwama. Akakata vipini vipya kutoka kwenye spoki ya baiskeli. Kisha akaenda kwenye baiskeli yake iliyokuwa inakaa ukutani bila upepo, akachomoa ule mpira mwembamba wa valvu, akaukata vipande vidogo kama pete, akauvalisha kila kipini kwa nje, ili kipini kikitaka kutoka kikute njia imezibwa. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na kitu chenyewe kidogo kuliko punje ya mahindi, lakini hakikumponyoka hata mara moja. Nilimtazama kama nilivyokuwa nimelitazama gari likipanda.

"Hapa funga," akaniambia. "Hapa acha."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama gari lilipowekwa tena mguuni mwa jabali. Watoto walikuwa wamerudi, wamekaa mbali kidogo. Lilipita penye kuangukia, likapita kwenye ufa, tairi likatumbukia na likatoka, likafika juu kabisa, likasimama pale peke yake na anga nyuma yake. Hakuna aliyepiga makofi. Tulilitazama tu, hata jirani na redio yake iliyokosa betri.

"Limepanda kama mbuzi," akasema mwishowe.

"La kwako limesimama wapi?" baba akamuuliza, macho bado juu.

"Palepale, kwa kuku."

"Kesho nitaingia chini yake kwanza. Propela isipoteleza, usukani siugusi. Ikiteleza, twende Kasekese."

"Na huyu wa Sumbawanga anayekuja jioni hii?"

"Mpe chai, alale, arudi kwao," bibi akadakia. "Asali nitatoa mimi."

Bibi hayupo tena, na hakuna anayechemsha nta uani kwetu. Yule jirani alihama na ng'ombe wake kutafuta malisho kusini, na hatuna mtani wa kutukanana naye jioni. Gari lenyewe lilikufa mota, likagawanywa vipandevipande na watoto wa mtaa mzima. Juzi nilimuuliza mdogo wangu kama anakumbuka lilivyovaa nyuki, akasema anakumbuka kidogo tu, alikuwa analia. Kwa hiyo nimebaki nalo mimi. Ndiyo maana nimekuandikia, ili tuwe wawili.

Asubuhi ya Jumatatu ile, umande bado uko kwenye nyasi, nilimkuta baba amelala chali chini ya lori la jirani. Nikaingia na mimi, na sare yangu ya shule. Alikuwa amefungua ncha moja ya propela, anagonga pale katikati kwa nyundo, kutu inatuangukia machoni. Alipaka grisi, akagonga tena, kisha akaniambia niikamate kwa mikono miwili na nisukume. Nikasukuma. Haikwenda. Nikakita miguu kwenye tairi, nikasukuma tena, na chuma kile kizito kikaingia ndani ya mwenzake taratibu, hadi mwisho.

"Inateleza, baba," nikasema kwa sauti, hata jirani aliyekuwa nje na kuku wake akasikia.